Elisi na Wasomaji Wake

Viko vitabu ambavyo watu huvisifu pasipo kuvisoma, na viko vingine ambavyo watu huvisoma kisha wakagombana kwa ajili yake. Kitabu cha Elisi ni cha namna hii ya pili. Kilipigwa chapa kwanza kwa Kiingereza mwaka 1865, na mwaka 2015, kilipotimiza miaka 150, wataalamu waliokusanya habari zake walihesabu lugha 174 ambazo kimefasiriwa. Kiswahili kimo katika hesabu hiyo. Wako watu wengi mno waliokisoma wakiwa watoto, na walipokuwa wazee wakawasomea wajukuu zao. Walakini wako na wengine, watu wenye akili na wapenda vitabu, waliokifungua, wakasoma kurasa chache, wakakifunga, wakasema ya kuwa ni upuzi mtupu. Kila upande huustaajabia upande wa pili.

Yafaa watoto wa madarasa ya juu wazijue sababu za ugomvi huo, kwa maana kitabu chenyewe huenda kikawafikia siku moja, hata huko Lupembe penye ukungu na mashamba ya chai, na hapo itawapasa kuamua wenyewe.

Asili yake ni hii. Charles Lutwidge Dodgson alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha Christ Church, mjini Oxford, katika nchi ya Uingereza. Alikuwa mtu mwenye kigugumizi, apendaye mafumbo. Tarehe 4 Julai 1862 yeye na rafiki yake Robinson Duckworth walipiga makasia mtoni pamoja na mabinti watatu wa mkuu wa chuo: Lorina wa miaka 13, Alice wa miaka 10, na Edith wa miaka 8. Watoto wakataka hadithi. Dodgson akabuni palepale habari za msichana aliyemfuata sungura hata akatumbukia shimoni, akafika chini ya ardhi katika nchi isiyo na desturi moja inayofanana na za huku juu. Alice akamsihi aiandike. Akaiandika kwa mkono wake, akampa kuwa zawadi mwaka 1864, na mwaka uliofuata ikatoka kitabu chenye picha za mchoraji John Tenniel. Mwandishi hakuweka jina lake la kweli, alijiita Lewis Carroll.

Basi hadithi hiyo ilisemwa kwa mdomo kabla ya kuandikwa, mbele ya watoto waliokuwa wakimkatiza msimulizi na kumwuliza maswali. Katika jambo hilo haipitani na hadithi za Ubena zisimuliwazo motoni wakati wa baridi ya Juni na Julai. Illa bibi asimuliaye motoni alipokea hadithi yake kwa bibi yake, naye kwa bibi yake, hata ikalainika kama jiwe la kusagia lililotumiwa miaka mingi. Kila aliyekuwapo aliondoa neno lisilofaa. Ya Dodgson ilitoka kichwani mwa mtu mmoja kwa alasiri moja, na ingali na kona zake kali. Kona hizo ndizo zinazowachoma wasomaji wengine.

Kwa Kiswahili ilitokea mwaka 1940, imepigwa chapa na Sheldon Press ya London, kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Mfasiri alikuwa mwanamke Mwingereza, Bibi Conan Davies. Wakati huo Kiswahili cha shule kilikuwa kikipata vitabu vingi vya kufasiriwa: Halmashauri ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na watoto walikuwa wamekwisha kuletewa Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Vitabu hivyo viwili ni vya safari na hatari, na hakuna mtu aliyeuliza vina maana gani. Elisi alikuwa mgeni wa namna nyingine. Katika picha za kitabu cha 1940 msichana huyo hakubaki Mwingereza mwenye nywele ndefu za rangi ya dhahabu. Alichorwa kuwa mtoto wa Kiafrika. Baadaye, mwaka 2015, Ida Hadjivayanis, mwalimu wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha London, alitoa tafsiri nyingine mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Sasa na tutazame malalamiko ya wasomaji, kwa kuwa si ya kijinga.

La kwanza ni la sungura. Mtoto yeyote wa Afrika Mashariki amemjua Sungura tangu hajaota meno. Ndiye mdogo wa mwili na mkubwa wa akili. Humdanganya Fisi, humcheza shere Simba, na tembo mwenyewe humtoa jasho. Mtoto huyo akifungua kitabu cha Elisi akaona sungura katika ukurasa wa kwanza, hufurahi, akingoja hila. Lakini hila haiji. Sungura huyu amevaa koti, anatazama saa, anakimbia huku akitetemeka kama msafiri aliyechelewa gari moshi kule Makambako, na anamwogopa kila mwenye cheo. Mbele kidogo anatokea sungura mwingine, wa mwituni, naye ana wazimu. Msomaji huona amedanganywa, si na Sungura, bali na mwandishi. Lalamiko hili lina haki. Mwandishi hakufanya kosa, maana Waingereza wana msemo wao wa zamani juu ya wazimu wa sungura katika mwezi wa Machi. Ila msemo huo haukuvuka bahari, na mzaha uliojengwa juu yake hubaki nchi kavu kama mtumbwi uliovunjika.

Lalamiko la pili ni la michezo ya maneno, na hili ndilo zito kuliko yote. Nusu ya kicheko cha kitabu hiki imo katika maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa sauti na kutofautiana kwa maana. Mtu anaweza kuujua ubaya wa jambo hilo kwa kulipima na Kiswahili. Ukisema kwamba paa alipaa juu ya paa, mtoto hucheka, kwa sababu mnyama, kuruka na kipaa cha nyumba vimekutana katika neno moja. Ukisema mtu alikunywa tembo akaona tembo, atacheka pia. Sasa jaribu kumchekesha Mwingereza kwa maneno hayo katika lugha yake! Utahitaji maelezo marefu, na ukiisha kueleza, hapana acheke. Ndivyo ilivyo katika Elisi pale panya anaposema habari ndefu za maisha yake, na msichana, kwa kulisikia neno vibaya, anazidhani kuwa ni habari za mkia. Kwa Kiingereza hadithi na mkia hutamkwa sawasawa. Kwa Kiswahili hazikaribiani hata kidogo, na mfasiri hana budi kutafuta mzaha mwingine au kuliacha pengo.

Tena mtoto wa Lupembe ana hatua moja zaidi ya kupanda. Nyumbani husema Kibena, na Kiswahili alikipata barazani na shuleni. Mtoto wa pwani akisikia neno mbuzi hukumbuka upesi mnyama na kifaa cha kukunia nazi. Wa Lupembe, ambako minazi haioti, humkumbuka mnyama peke yake. Basi hata mzaha uliofasiriwa vizuri kwa Kiswahili cha pwani waweza kumpita. Mfasiri hawezi kulaumiwa kwa hayo, lakini mwalimu anayegawa vitabu ayajue.

Na mashairi pia. Katika kitabu hiki Elisi hujaribu kukariri mashairi aliyofundishwa, na kila mara yanatoka mengine, ya kipuzi. Watoto wa Uingereza wa zamani walicheka mpaka machozi, kwa kuwa yale ya kweli walikuwa wamelazimishwa kuyakariri, nayo yalikuwa mashairi ya kufundisha bidii na adabu. Mtoto asiyeyajua yale ya kweli hawezi kujua ni nini kilichoharibiwa. Ni kama kumwonyesha mtu kikaragosi cha mzee asiyepata kumwona.

Wazazi nao wana shaka zao. Elisi anaona chupa, anakunywa. Anaona mkate mdogo, anakula. Anaambiwa na kiwavi avutaye kiko ale uyoga, naye anaula. Katika nchi yenye misitu ambayo wanawake na watoto hutoka wakati wa mvua kuchuma uyoga, na ambako kila mama humfundisha binti yake upi wa kula na upi wa kuua, shauri la kula uyoga kwa neno la kiwavi si jambo la kuchekwa upesi. Haki hudai isemwe kwamba Elisi, kabla ya kunywa, alitazama kwanza kama chupa imeandikwa sumu. Ila kinga hiyo ni ndogo sana, na mwandishi mwenyewe aliicheka. Tena watawala wa nchi ile ni karata, na wako wazee wanaoona karata kuwa kazi ya wavivu na mlango wa kamari. Shaka hii ya mwisho haina uzito mkubwa. Karata za Elisi hazichezwi. Zinatembea, zinagombana, na kuhukumiwa.

Hayo ni ya upande mmoja. Upande wa pili huwa hawana hoja nyingi. Wao husema tu kwamba walikipenda. Walakini kupenda nako kuna sababu, hata kama mpendaji hakuitafuta.

Tazameni jambo la kukua na kupungua. Mara Elisi ni mdogo kuliko panya, mara kichwa chake kinagonga dari. Mtu mzima husoma hayo akaona ni mchezo. Mtoto wa miaka 12 hayaoni hivyo. Asubuhi huambiwa, "Wewe umekuwa mkubwa sasa, beba ndoo hii, mlinde mdogo wako." Jioni wageni wakija huambiwa, "Wewe ni mtoto, nyamaza, ondoka." Mwili wake haukubadilika tangu asubuhi hata jioni, lakini kimo chake machoni pa watu kimebadilika mara nne. Elisi alipoulizwa na kiwavi yeye ni nani, akashindwa kujibu kwa kuwa amegeuka mara nyingi siku ile, hakusema upuzi. Alisema jambo ambalo watoto wengi wanalijua na hawajapata mtu wa kuwasemea.

Kisha lipo baraza la mwisho, mbele ya Mfalme na Malkia wa karata, ambako mtu ameshitakiwa kuiba vitumbua. Malkia anataka adhabu itolewe kwanza, na uamuzi wa wazee wa baraza ufuate. Mashahidi wanatishwa. Wazee wa baraza wanaandika kila neno, la maana na lisilo na maana, pasipo kuchagua. Hapa hapahitaji mfasiri hodari. Kila mtoto aliyepata kuketi ukingoni mwa baraza, au aliyechapwa kabla ya kuulizwa, huelewa mara moja. Na Elisi, ambaye kurasa zote amekuwa mwenye adabu ya kupita kiasi, anasimama na kusema kwamba hao ni karata tu. Wasomaji wengine husema hapo anavunja heshima kwa wakubwa. Lakini heshima ya Kibena na ya Kiswahili haikuwa kamwe ruhusa ya kumhukumu mtu kabla ya ushahidi, na mtoto aliyeliona jambo hilo katika hadithi hakuharibika.

Lipo tena suala la mafunzo. Hadithi katika vitabu vya shule aghalabu huisha kwa neno la kuonya: mvivu alikufa njaa, mwongo aliliwa na simba. Kitabu hiki hakina neno kama hilo, na waalimu wengi hukitazama kwa shaka kwa sababu hiyo hasa. Kuna bibi mmoja mwenye cheo katika hadithi, ambaye anatafuta fundisho katika kila jambo, hata lisilo nalo, na mafunzo yake hayahusiani na yaliyotokea. Mwandishi anamcheka bibi huyo, na kwa kumcheka yeye anawacheka waalimu wa namna hiyo. Jambo la haki ni kuvumilia kuchekwa kidogo. Hadithi ya kuonya ni chakula, wala shule haiwezi kuiacha. Lakini mtoto alishwaye onyo katika kila hadithi hujifunza kuruka mstari wa mwisho.

Wala isidhaniwe kwamba mgawanyiko huu ni wa Afrika tu. Kitabu kilipotoka mwaka 1865 gazeti moja maarufu la London, Athenaeum, lilikisema vibaya, likidhani mtoto wa kweli atachanganyikiwa kuliko kufurahi. Na mwaka 1931 ilitangazwa kwamba mtawala wa jimbo la Hunan, nchini China, amekikataza, kwa sababu wanyama hawapaswi kusema lugha ya wanadamu na kuwekwa sawa nao. Amri kama hiyo ingeletwa Afrika Mashariki, ingebidi kuwafunga mabibi wote. Katika mashauri yote yaliyotolewa juu ya Elisi hili ndilo dhaifu kabisa, na ni ajabu kwamba lilitoka kwa mtu aliyekuwa na mamlaka makubwa.

Katika habari za mavazi, wasomaji wamegawanyika kwa njia nyingine. Wako wanaofurahi kumwona Elisi amechorwa Mwafrika, wakisema kwamba mtoto hujiingiza kwa urahisi katika hadithi ya mtu afananaye naye. Wako wanaosema kubadili sura hakutoshi, maana nyuma ya msichana yule nchi yote imebaki ya Kiingereza, na adabu zake ni za Kiingereza. Wa pili wana macho makali zaidi. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba Elisi ni mgeni katika nchi ile vilevile. Yeye mwenyewe haelewi desturi zake, na kila anapouliza hujibiwa kwa ukali. Mtoto wa Lupembe anayesoma bila kuelewa desturi hizo yu sawa na Elisi, kuliko alivyokuwa mtoto wa Oxford. Hapo kitabu hupata nguvu ambayo mwandishi hakuitazamia.

Je, kinunuliwe? Hili si swali la maneno matupu, kwa kuwa shule nyingi za vilimani zina rafu moja ya vitabu, na kila shilingi iliyotumika kwa kitabu hiki haiwezi kutumika kwa kingine. Kama shule inayo fedha ya kitabu kimoja tu cha hadithi, isinunue Elisi. Inunue hadithi za Sungura na Fisi, au za Abunuwasi, ambazo kila mtoto ataweza kuzisoma peke yake. Kama inayo ya kitabu cha pili, hapo Elisi aingie, lakini asigawiwe watoto wakaachwa naye. Kisomwe na mwalimu kwa sauti, jinsi kilivyozaliwa kwa sauti mtoni, naye awe amekisoma nyumbani kabla. Mashairi ambayo mzaha wake umekufa ayaruke bila aibu. Mahali penye pengo la mchezo wa maneno, awaambie watoto walete mchezo wao, wa Kiswahili au wa Kibena. Na mtoto asiyecheka asilazimishwe kucheka wala asidhaniwe mjinga. Wako wazee waliosoma sana ambao hawajapata kucheka hata leo.

Mahali pa kuanzia si mwanzo. Pa kuanzia ni karamu ya chai. Watu watatu, yaani Mshona Kofia, sungura mwenye wazimu, na panya mdogo mwenye usingizi, wameketi mezani tangu saa iliposimama katika saa kumi na mbili jioni, na kwa kuwa ni wakati wa chai daima, hawapati nafasi ya kuosha vikombe. Wanahamia viti vya mbele tu. Watoto ambao wazazi wao huchuma majani mawili na chipukizi kutwa nzima, wakapeleka vikapu kwenye mizani, watakuwa na maneno yao juu ya watu wanywao chai pasipo kikomo wala kazi. Mwanahesabu wa Marekani, Warren Weaver, aliyekusanya tafsiri nyingi za kitabu hiki na kuandika habari zake mwaka 1964, aliichagua sura hiyohiyo ya chai kuzipima tafsiri hizo, na ya Kiswahili ilikuwa mojawapo ya zilizorudishwa kwa Kiingereza kusudi aone kilichopotea njiani.

Na katika karamu hiyo Mshona Kofia anatega kitendawili juu ya kunguru na meza ya kuandikia. Elisi anafikiri, anashindwa, anauliza jibu. Mshona Kofia hana jibu, wala sungura hana. Mwandishi mwenyewe hakuwa nalo alipoandika; aliletewa maulizo mengi hata mwaka 1896 akatunga moja, akakiri kwamba hapo kwanza halikuwapo. Mwalimu na asimame hapo, afunge kitabu, aseme, "Kitendawili!" Darasa litaitika, "Tega!" Akitege hicho. Watoto watataja majibu yao, na mengine yatakuwa mazuri kuliko lile la 1896. Wakishindwa, atadai mji, nao watampa Njombe, naye ataukataa. Watampa Makambako pamoja na stesheni yake, naye ataupokea. Ndipo watakapongoja jibu, naye hana. Hapana shaka watadai Makambako irudishwe.